Albamu bila kampuni: Funzo la Chemirocha kwa wanamuziki wa nchi ya chai

MWAKA 1950, wasichana wa jamii ya Wakipsigis walikusanyika Kapkatet, eneo la Bureti, wakaimba mbele ya kipaza sauti cha mgeni. Wimbo wao ulikuwa mfupi, ulisindikizwa na ala ya nyuzi, na uliitwa Chemirocha. Sauti zao zilichukuliwa zikahifadhiwa Afrika Kusini, zikatiwa katika santuri na kusikilizwa na watu ambao hawakujua Kapkatet iko upande gani wa dunia. Ilipita takriban miaka 65 kabla ya nakala ya rekodi hiyo kurejeshwa kwa watu wa huko.

Miaka 57 baada ya siku hiyo ya Kapkatet, bendi kongwe ya muziki wa roki nchini Uingereza, Radiohead, ilitoa albamu yake ya saba bila kampuni yoyote ya kurekodi. Wanamuziki hao waliiweka kwenye mtandao wao wenyewe na kumwachia kila msikilizaji aamue bei atakayolipa.

Kwa mtazamo wa haraka, matukio hayo mawili hayana uhusiano. Hata hivyo, yote mawili yanahusu swali moja ambalo mwanamuziki wa Kedowa, Litein au Sotik analazimika kulijibu leo kabla hajaingia studio: wimbo ukishanaswa, ni nani anayebaki na rekodi asilia, na ni nani anayeamua itauzwa wapi na kwa jina la nani?

Albamu hutajwa kuwa huru pale wanamuziki wenyewe wanapogharimia kazi ya studio, wanapobaki na umiliki wa rekodi asilia na wanapochagua njia ya kuisambaza. Katika utaratibu wa kawaida, kampuni hutoa fedha za studio na matangazo, kisha hubaki na rekodi na kumlipa msanii sehemu ya mauzo. Tofauti baina ya njia hizo mbili haisikiki katika muziki wenyewe. Huonekana miaka mingi baadaye, wakati wimbo unapotakiwa tena sokoni.

Mgeni na mitambo yake

Mgeni aliyefika Kapkatet alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, akiwa kijana aliyekusudia kulima tumbaku. Huko alivutiwa na nyimbo za wafanyakazi wa shambani, na hatimaye akaifanya kazi ya kunasa muziki wa Afrika kuwa shughuli ya maisha yake.

Tracey alizunguka maeneo mengi ya Afrika ya Kusini, ya Kati na ya Mashariki akiwa na mitambo ya kunasia sauti, akirekodi palepale nyimbo zilipoimbwa. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ijulikanayo kwa kifupi kama ILAM, karibu na Johannesburg. Baada ya kifo chake mwaka 1977, maktaba hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji ambao sasa huitwa Makhanda. Mfululizo wake mkuu wa rekodi una santuri 210.

Bila juhudi hizo, nyimbo nyingi za wakati huo zisingesikika tena. Hilo halina ubishi. Lakini pia ni kweli kwamba walioimba walibaki vijijini mwao bila chombo cha kuchezea santuri hizo na bila nakala ya sauti zao wenyewe.

Jina lililovuka bahari

Asili ya jina Chemirocha iko Marekani. Jimmie Rodgers alizaliwa Meridian, jimbo la Mississippi, mwaka 1897, akafanya kazi katika shirika la reli kabla ya kugeukia gitaa na uimbaji. Alirekodiwa kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1927 katika mji wa Bristol, akapata umaarufu mkubwa kwa nyimbo zake zenye kupandisha na kushusha sauti ghafla, na akafariki kwa kifua kikuu Mei 1933 akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa country, na mwaka 1986 akatambuliwa pia katika jumba la heshima la muziki wa roki kama mmoja wa waliotangulia kuuwekea msingi.

Inasimuliwa kwamba santuri zake ziliwafikia Wakipsigis kupitia gramafoni za Waingereza. Wasikilizaji hawakuielewa lugha, lakini sauti iliwashangaza. Jina lake likatamkwa kwa ulimi wa Kikalenjin, nalo likawa Chemirocha. Kwa sikio la wenyeji, jina hilo lilikaa pamoja na majina ya kike yaliyozoeleka kama Chemutai, Chepkoech na Chepkemoi, ingawa mwenyewe alikuwa mwanamume.

Tracey alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo. Uliojulikana zaidi ni wa tatu, ulioongozwa na Chemutoi Ketienya akiwa pamoja na wasichana wenzake. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaacha Tracey, Chemirocha alikuwa amegeuka katika fikra za waimbaji kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa, na wasichana hao walikuwa wakimwalika acheze kwa nguvu hadi mavazi yamdondoke.

Hapa ndipo thamani ya wimbo huo inapoonekana. Wasichana wa Kapkatet hawakumwiga Rodgers. Walichukua jina na mshangao uliokuja na santuri, wakatunga jambo lao kwa ala yao na kwa mizani ya muziki wao. Wimbo ulikuwa mali ya fikra zao. Rekodi haikuwa mali yao.

Duka la santuri mjini Kericho

Miaka miwili baada ya safari ya Kapkatet, mwaka 1952, Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Katanga. Upigaji wake wa kudonoa nyuzi kwa vidole ulienea Afrika Mashariki na kuigwa na vijana wengi wa Kenya. Kutoka Nyanza nako kukazuka benga, muziki wa gitaa lenye mwendo wa kasi unaofuata mapigo ya ala za jadi za Waluo. Gitaa likaingia mashambani mwa chai, na Wakipsigis wakawa na wapigaji wao, akiwemo Kipchamba arap Tapotuk wa bendi ya Koilong'et, ambaye jina lake halikosekani katika historia ya muziki wa Kikalenjin.

Mazingira ya Kericho yalifaa biashara ya santuri. Tangu kampuni za chai zilipoanza kupanda mashamba makubwa katika miaka ya 1920, eneo hilo lilipokea wafanyakazi kutoka jamii mbalimbali, wakiwemo Waluo, Wakisii na Waluhya, ambao waliishi katika kambi za mashamba pamoja na majirani zao Wakipsigis. Walikuwa watu wenye mshahara wa kila mwezi na hamu ya kusikia lugha za kwao.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyolipa umaarufu duka la muziki la Chandarana mjini Kericho. Duka hilo halikuishia kuuza santuri za wengine, bali lilitoa santuri zake lenyewe za benga na za muziki wa Kikalenjin. Wakati ambapo kampuni kubwa za kurekodi zilikuwa Nairobi, mwanamuziki wa magharibi mwa Kenya aliweza kupata mtu wa kumtolea santuri karibu na kwake. Huo ulikuwa uhuru wa aina fulani, maana mlango wa pili ulifunguka nje ya mji mkuu.

Santuri ndogo za wakati huo zilibeba dakika chache kila upande. Kwa sababu hiyo nyimbo nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Msikilizaji alisikiliza maneno upande mmoja, kisha akaigeuza santuri apate gitaa lililokolea na dansi upande wa pili. Hivyo umbo la wimbo lilipangwa pia na chombo kilichoubeba.

Hata hivyo, kukaribia kwa mtayarishaji hakukumaanisha kwamba msanii ndiye mwenye rekodi. Katika biashara ya santuri ya enzi hiyo, barani kote, lilikuwa jambo la kawaida mwanamuziki kulipwa mkupuo mmoja siku ya kurekodi na kwenda zake. Kama santuri ilidoda, hasara ilikuwa ya mtayarishaji. Kama ilitamba, mwimbaji hakuwa na karatasi ya kudai zaidi.

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Afrika Kusini. Solomon Linda alirekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939 kwa kampuni ya Gallo, na haki za wimbo huo zikachukuliwa kwa shilingi 10. Wimbo huo ulizaa nyimbo nyingine zilizopata mamilioni ya fedha Marekani na Ulaya, ilhali Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwezi Februari 2006, zaidi ya miaka 43 baada ya kifo chake.

Bendi kongwe yajitoa kwenye kampuni

Radiohead ilianza mwaka 1985 katika shule moja ya Abingdon, karibu na Oxford, na ikatia saini mkataba na kampuni ya EMI mwaka 1991. Mkataba huo ulimalizika baada ya albamu ya sita, iliyotoka mwaka 2003. Wanamuziki hao hawakutia saini mwingine. Waliingia studio wakiwa hawana mwajiri.

Oktoba 1, 2007, walitangaza kwamba albamu mpya, In Rainbows, ingetoka baada ya siku 10. Oktoba 10 iliwekwa mtandaoni ikiwa na nyimbo 10, na mnunuzi akapewa nafasi tupu ya kuandika bei aitakayo, hata kama ni sufuri. Waliotaka kitu cha kushika mkononi waliweza kuagiza sanduku lenye santuri na diski kwa pauni 40. Baadaye, kuanzia Desemba 31, 2007, diski za kawaida zilianza kuuzwa madukani kupitia kampuni huru ya XL, na albamu ikashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani licha ya kwamba ilikuwa imekwisha kupatikana kwa bei ya hiari.

Vyombo vya habari vilishughulika zaidi na bei hiyo ya hiari. Jambo zito zaidi lilikuwa umiliki. Kampuni ya XL ilipewa ruhusa ya kuuza diski, lakini rekodi asilia zilibaki mikononi mwa bendi.

Tofauti ilionekana mara moja. Albamu sita za awali zilikuwa bado za EMI. Desemba 2007 kampuni hiyo ikatoa sanduku la albamu hizo za zamani, na mwaka 2008 ikatoa mkusanyiko wa nyimbo bora bila bendi kushiriki. Wanamuziki walewale, wakiwa hai na maarufu, hawakuwa na kauli juu ya kazi zao za miaka ya mwanzo, ilhali kwa albamu waliyoitoa wenyewe kila uamuzi ulikuwa wao.

Ni kosa hata hivyo kuichukulia hadithi hiyo kama njia rahisi kwa kila msanii. Radiohead ilikuwa imejengewa jina kwa fedha za kampuni kwa zaidi ya muongo mmoja, na ilikuwa na mamilioni ya wasikilizaji waliokuwa wakiingoja. Bendi changa isiyojulikana ikitangaza bei ya hiari huenda ikapata hiari bila bei.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: utunzi wa wimbo, uimbaji au upigaji, na rekodi yenyewe. Kila kimoja kina mwenye haki wake. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote tatu, au akawa na moja tu.

Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliponaswa. Kwa kipimo hicho, rekodi ya mwaka 1950 ingekuwa imemaliza muda wake mwishoni mwa mwaka 2000, yaani hata kabla nakala yake haijarudi Kapkatet. Kwa upande wa nyimbo za jamii zisizo na mtunzi mmoja, Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali kulinda urithi wa kitamaduni, na Bunge lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni.

Mgawanyo huo wa haki tatu ndio uliofanya kuwe na vyama vitatu vya kukusanya mirabaha: MCSK, kilichoanzishwa mwaka 1983, kwa watunzi na wachapishaji, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Vyama vya aina hiyo huhitaji leseni ya Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na kumekuwa na migogoro ya mara kwa mara kuhusu leseni hizo. Msanii hana budi kuthibitisha kwanza kama chama anachojiunga nacho kina leseni halali.

Mapato ya milio ya simu nayo yamebadilisha hesabu. Huduma ya Skiza ya Safaricom ilianza mwaka 2009, na kwa miaka mingi wasanii walilalamika kwamba wapatanishi walikuwa wakichukua sehemu nono. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba msanii au mwenye haki apate asilimia isiyopungua 52 ya mapato hayo. Asilimia hiyo, hata hivyo, humfuata mwenye haki. Aliyekwisha kuuza rekodi yake kwa mkupuo hana anachodai.

Sauti zarudi nyumbani

Kati ya mwaka 2014 na 2015, maktaba ya ILAM iliyokuwa chini ya Diane Thram ilishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi pamoja na mradi wa Singing Wells kurejesha rekodi za Tracey mahali ziliponaswa. Ketebul ilikuwa tayari imejitolea kutafuta historia ya muziki wa Kenya, na mwaka 2008 ilikuwa imetoa kitabu chenye diski kuhusu chimbuko la benga.

Katika nchi ya Wakipsigis, wahusika walizunguka wakiuliza wazee waliokuwa vijana mwaka 1950. Walipatikana walioikumbuka siku hiyo, nao wakasikilizishwa sauti walizokuwa hawajazisikia kwa zaidi ya nusu karne. Habari hizo zilitangazwa na redio ya taifa ya Marekani, NPR, mwaka 2015.

Urejeshaji huo ulikuwa wa heshima, na ulistahili kupongezwa. Lakini ulikuja baada ya wengi wa waimbaji kufariki. Waliosikiliza kwa niaba yao walikuwa wazee wachache na wajukuu.

Kinachohitajika Kedowa

Kedowa ni mji mdogo katika eneo la Kipkelion Mashariki, kando ya barabara itokayo Mau Summit kuelekea Kericho. Kijana wa huko mwenye gitaa haitaji tena kusubiri gari la mgeni wala kubisha hodi kwenye duka la santuri. Studio ndogo yenye kompyuta inatosha kunasa albamu nzima, vituo vya redio vinavyotangaza kwa Kikalenjin kama Kass FM na Chamgei FM vipo, na simu ya mkononi hufikisha wimbo popote.

Urahisi huo ndio unaoficha hatari mpya. Wimbo ukiwekwa mtandaoni kwa akaunti ya mtu mwingine, mapato humwendea mwenye akaunti. Rekodi ikiachwa kwenye kompyuta ya studio bila nakala, huweza kupotea pamoja na kompyuta hiyo. Wanabendi wasipoandikiana nani alitunga, nani alipiga na nani alilipia studio, urafiki huvunjika siku fedha zinapoingia.

Kwa hiyo albamu huru huanza kwa mambo ambayo hayana sauti: makubaliano ya maandishi baina ya wanabendi, risiti ya studio inayoonyesha aliyelipa, nakala ya rekodi asilia katika mahali pawili, usajili wa kazi kwa KECOBO, na nambari ya utambulisho ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12 kwa kila wimbo ili ujulikane kokote utakakochezwa. Majina ya wote walioshiriki yaandikwe kikamilifu, hata ya wapigaji wa akiba.

Kampuni nayo si adui. Msanii anaweza kuikabidhi kazi ya kuuza, kama Radiohead walivyofanya na XL, mradi mkataba uwe wa ruhusa yenye muda maalumu na si wa kuhamisha umiliki milele.

Chemutoi Ketienya na wenzake hawakupewa nafasi ya kuchagua lolote kati ya hayo. Angalau jina la kiongozi wao liliandikwa, na ndiyo sababu linatajika leo. Wasichana waliomwitikia walibaki katika kumbukumbu kwa maneno machache tu, wasichana wa Kipsigis, ingawa kila mmoja wao alikuwa na jina.